Rehani ya Pili

Nyumba ninayoitaka iko Migori, nje kidogo ya mji, ukifuata barabara ya kwenda Isebania. Vyumba vitatu, mabati mekundu, mwembe mmoja. Mwenyewe ni mwalimu aliyelemewa na mikopo, na bei tuliyopatana, milioni 4, haifiki hata deni la benki. Benki ilinuna weee, mwishowe ikakubali: afadhali milioni 4 sasa kuliko kesi. Nikaanza kuchagua mapazia.

Kumbe kwenye cheti cha upekuzi, chini ya jina la benki, kuna jina jingine. Sacco moja ya Homa Bay. Rehani ya pili, laki 9.

Hapo ndipo Sheria ya Ardhi ya 2012 inaponichosha. Benki ikiuza kwa mnada, pesa hulipa kwanza kodi za ardhi, kisha gharama, kisha benki yenyewe. Wa pili hupewa kinachobaki, na hapa hakibaki kitu. Tena anayenunua mnadani hupata hati safi, rehani ya pili ikafutika. Lakini sisi tunauziana kwa hiari, na kwa hiari hati haitoki bila kila mdai aliyesajiliwa kuachilia rehani yake. Yule ambaye mnadani angeambulia patupu ndiye sasa mwenye sauti kuliko wote. Ni kama jamaa aliyefika matangani sufuria zimeshaoshwa, kisha akasimama mlangoni: hatoki mtu mpaka naye aonje nyama.

Basi mimi, ambaye sijawahi kukopa hata shilingi kwenye Sacco hiyo, ndiye ninayepanda matatu hadi Rongo, nashuka, napanda ya Homa Bay kumbembeleza afisa wa mikopo.

"Jaduong'," ananiambia kwa upole unaokera, "hizi ni akiba za wanachama."

Nikamuuliza hao wanachama watapata nini nyumba ikipigwa mnada. Akatazama ziwa dirishani. "Hilo, Jaduong', ni swali la kamati."

Laki moja waliiona matusi. Laki mbili, wakasema, ni mwanzo mzuri. Wakili wangu ananishauri nisubiri mnada. Ni rahisi kwake: benki itoe notisi ya miezi mitatu, halafu nyingine ya siku 40, halafu mke wa mwalimu akimbilie mahakamani kuomba zuio, na mimi niendelee kulipa kodi ya nyumba ya kupanga.

Kisha wakajitokeza wadhamini wa mkopo wa Sacco. Walimu wenzake muuzaji, wanaoogopa kwamba nyumba ikiachiliwa, salio litakatwa kwenye mishahara yao. Mmoja akanipigia simu usiku: "Omera, ongeza kidogo." Nimejadiliana bei na muuzaji, na benki, na Sacco, sasa na mwalimu wa hesabu nisiyemjua!

Tumefika laki mbili unusu, kutoka mfukoni mwangu, maana benki haitaki hata senti ipungue kwenye milioni zake 4. Afisa ameridhika. Wadhamini wamenung'unika wakanyamaza. Imebaki kamati kupitisha, na kikao kilichopita hakikutimiza akidi. Barua ya benki ya kukubali milioni 4 nayo inakwisha muda mwisho wa mwezi. Kama wewe ni mwanakamati na unasoma safu hii, tafadhali, Alhamisi nenda kikaoni. Nauli nitalipa mimi.