Namna ya Kumpoteza Mgeni kwa Lugha Tatu

Umefungua tovuti ya kuuza safari za Unguja, na ina Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Hongera. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha hakuna mgeni anayeufikia ukurasa wake.

Anza na bendera. Kiswahili kipe ya Tanzania, Mkenya ajue hakualikwa. Wa Lubumbashi atajijua mwenyewe.

Sasa njoo kwenye lebo za lugha, zile ilizozitangaza Google Desemba 2011 ili kila ukurasa useme unamlenga nani. Kanuni ni lugha kwanza, nchi ifuate ikibidi: sw-TZ, sw-KE, sw-CD. Ya nini tabu yote hiyo? Andika nchi peke yake. Waganda wape ug, na ukurasa utajitangaza kuwa ni wa Kiuyghur, lugha ya kaskazini-magharibi mwa China. Warundi wape bi, uangukie Kibislama cha visiwa vya Vanuatu, huko Pasifiki. Ndugu zetu wa Oman, ambao wengine hadi leo wanakipiga Kiunguja kututoa jasho, waandikie om wageuke Waoromo. Waingereza? uk, bila shaka. Hicho ni Kiukraine. Nchi yao ni GB, lakini nani ana muda wa kuuliza? tz na ke ndizo zenye huruma: hakuna lugha yenye herufi hizo, basi zitapuuzwa tu.

Tena lebo hizi zina adabu ya hodi. Ukurasa wa Kiswahili ukiutaja wa Kiingereza, wa Kiingereza nao sharti uutaje wa Kiswahili, la sivyo hodi haihesabiwi. Kwa hiyo bisha upande mmoja, ukalale.

Asubuhi, amuru kila mgeni apelekwe kwa nguvu kwenye lugha ya nchi aliyomo. Mtoto wa Tandika aliyeko Toronto atasomeshwa Kiingereza apende asipende. Roboti ya Google, ambayo mara nyingi hutokea Marekani, nayo itasukumiwa huko huko kila ijapo, na Kiswahili chako isikione hata siku moja.

Tafsiri mwachie mashine. Kitufe cha kukatia nafasi kitasomeka “Kitabu Sasa”. Na boti inayoondoka saa 1 asubuhi, kwenye ukurasa wa Kiingereza iache hivyo hivyo, saa 1. Mteja wako wa kwanza atafika gatini saa 7 usiku na begi lake, akaribishwe na mlinzi.