Mti Usiozaa: Barua Kutoka Tulsa

Baba Mkubwa, na nyote hapo Muheza,

Nimeletewa habari kwamba umeambiwa nimetoa dola zangu kununua mti usiozaa, nawe umeshika kichwa. Ni kweli nimenunua. Kiachie kichwa kwanza nikueleze.

Mti wenyewe unaitwa redibadi. Hapa Oklahoma ndio mti rasmi wa jimbo tangu 1937, kwa hiyo kuusema vibaya mbele za watu ni kujitafutia kesi. Si mrefu, mita 6 hadi 9, majani yake yana umbo la moyo, na ni wa ukoo mmoja na kunde, mbaazi na ule mkrismasi wa hapo stendi. Najua utasema kunde angalau hurutubisha shamba. Huu hata hilo haufanyi.

Lakini mwisho wa mwezi wa tatu, miti mingine ingali mikavu, huu unalipuka maua ya rangi ya waridi iliyokolea kabla haujatoa hata jani moja. Tena hayatoki nchani peke yake. Yanachomoza juu ya gamba, kwenye matawi manene, hata shinani kabisa, palepale ambapo fenesi lingening'inia. Nilisogea nikalidokoa ua moja kwa ukucha, nikidhani wamelibandika kwa gundi. Limeshika. Nyuki nao wamejaa, wazito, wananguruma tangu asubuhi.

Na si mimi wa kwanza kupumbazwa. George Washington mwenyewe mwaka 1785, kabla hajawa rais, aliing'oa miti hii msituni akaipanda kwenye bustani yake ya Mount Vernon na kuiandika kwenye shajara. Yeye hakuulizwa inazaa nini.

Mwenye kitalu alinipa masharti kuliko mganga. Ununue mche mdogo, maana mkubwa ukihamishwa unasusa. Shimo liwe pana mara mbili ya donge la mizizi, ila lisizidi kina chake. Maji yasituame. Matandazo ya magome uweke, lakini yasiguse shina. Jirani yangu hilo la mwisho halikumwingia: ameyarundika mpaka kiunoni mwa mti, gamba limelowa likaoza, na sasa anakuja uani kwangu kuniuliza mimi, mtu wa Muheza, habari za miti ya kwao. Namjibu kwa sauti nzito.

Kupogoa nako kuna wakati wake. Macho ya maua hujitengeneza tangu kiangazi kilichopita, kwa hiyo anayekata matawi wakati wa baridi anajikatia maua yake mwenyewe. Yakishapukutika ndipo unashika mkasi.

Wala hauishi sana, sikufichi. Miaka 20 hadi 30, tena ugonjwa wa gamba ukiuingia unakausha tawi moja moja. Mifenesi aliyoipanda babu ingali inatulisha. Huu huenda nikauzika mimi.

Sasa sikia la kukufurahisha: maua yake yanaliwa! Nimeyatia kwenye kachumbari. Yana uchachu kidogo, kwa mbali unapata ladha ya maharage mabichi. Shibe hakuna, lakini ukiulizwa kijiweni, sema mti wa kijana wako ni mboga.

Shangazi ameomba mbegu apande mbele ya nyumba. Shangazi, zipo tele, kwenye makaka bapa yanayoning'inia mpaka majira ya baridi. Ila ganda la mbegu ni gumu: uzimwagie maji ya moto, kisha uzifukie kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji miezi miwili mitatu, zidhani baridi kali imepita. Zangu mke wangu kazikuta pembeni ya maziwa, tumelala hatusemezani. Na hata zikikuotea huko, mti wenyewe unataka baridi ya kweli ndipo uchanue. Kwa joto la Muheza utabaki kufagia majani, na Baba Mkubwa atapata la kusema kila asubuhi.

Hela ya bati la paa hapo nyumbani naituma mwisho wa mwezi huu. Mti nimeulipia kwa ovataimu ya usiku, ya bati haijaguswa. Mwambieni fundi asianze kubomoa kabla haijafika.