Namna ya Kutetemeshwa Usiku kwa Heshima: Mwongozo kwa Wakazi wa Cheyo, Tabora

Tabora haikujaliwa matetemeko ya maana. Mji umekalia mwamba mkongwe wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na Bonde la Ufa lilipoufikia likaona heri ligawanyike: mkono mmoja ukapita magharibi kwenye Ziwa Tanganyika na Rukwa, mwingine ukashika mashariki kwenye Natron na Manyara. Sisi tukaachwa katikati. Ndiyo maana tetemeko linalomfikia mkazi wa Cheyo kitandani mara nyingi si lake. Ni la Kigoma, la Rukwa au la Bukoba, limesafiri mamia ya kilomita na limefika likiwa na nguvu za kugonganisha vikombe tu. Bahati ya namna hiyo haiji kila mwaka, na mtu mzima hana budi kujua kuipokea.

Mgeni utamjua kwa jambo moja: akiamka anasema "tetemeko" papo hapo. Mwenyeji hana haraka hiyo. Kwanza anawapitia watuhumiwa wengine wote. Anaanza na panya wa darini, ambao wana rekodi mbaya. Kisha anamgeukia aliyelala naye, amwulize kwa ukali kwa nini anajigeuzageuza. Akikana, lawama inahamia kwa lori la mchanga, na baada ya lori inakuja treni. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na treni ni mtuhumiwa anayefaa sana saa nane za usiku, isipokuwa ina tabia ya kupiga honi, na tetemeko halipigi. Wapo pia wanaojishika paji la uso kwanza kuhakikisha si malaria. Hao nisiwacheke, maana mjini kwetu ni dhana ya busara kabisa.

Watuhumiwa wote wakishaachiwa huru na kitanda bado kinacheza, sasa uamuzi unahitajika. Wataalamu wanasema hivi: kama uko kitandani, baki hapo hapo, lala kifudifudi, funika kichwa na shingo kwa mto, ungoje kutulie. Ukikimbia gizani unaweza kukanyaga vioo, kujikwaa kwenye ndoo, au kufika mlangoni kwa wakati muafaka wa kupokea tofali. Viatu viwe karibu na kitanda. Usiwashe kiberiti kabla hujanusa kama mtungi wa gesi unavuja. Ni ushauri mzuri ambao hauna mashabiki, kwa sababu hakuna anayetaka kusimulia kesho kibarazani kwamba wakati dunia inatikisika yeye alikuwa chini ya mto.

Kwa hiyo utatoka. Chandarua ulikichomeka vizuri chini ya godoro, kama walivyokufundisha kliniki, na sasa utatoka nacho mwilini kama bibi harusi. Halafu utarudi kutafuta khanga, kwa kuwa majirani wapo na heshima ni kitu cha bure. Si ile ya kulalia, ile nyingine. Tetemeko dogo huisha kwa sekunde chache. Khanga ile nyingine, kwa uzoefu wa mtaa, huchukua dakika tatu.

Ipo kazi moja ya maana ambayo ungeifanya kama ungekubali kubaki chini ya mto, nayo ni kuhesabu. Tetemeko la mbali hubisha hodi mara mbili. Hodi ya kwanza ni ya mawimbi ya haraka, kishindo kidogo kinachoamsha mbwa kabla yako. Ya pili ni ya mawimbi ya polepole yanayokutikisa huku na huku. Hesabu sekunde kati ya hodi hizo mbili, zidisha kwa 8, utapata kwa makadirio kilomita kutoka lilikoanzia. Ukipata sekunde 45 hivi, huo ni umbali wa Ziwa Tanganyika. Ukikaribia 60, waza Kagera. Ukipata 3, acha kuhesabu. Hesabu hii haisemi upande, lakini usijali, upande utapewa na majirani.

Tetemeko linafikaje huku kote bila kuishia njiani? Mwamba wetu ni mkongwe, mgumu na wa baridi, na mwamba wa namna hiyo haunywi mtikisiko njiani. Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871, wakaingia Kwihara, hapo jirani tu, Februari 1872. Mtikisiko kwa safari hiyo hiyo hauhitaji hata dakika moja na nusu, wala hauhitaji mpagazi.

Sasa uko uani na wapangaji wenzako. Angalia kila mmoja ametoka na nini, maana nafasi hiyo haitarudi. Mmoja amekumbatia king'amuzi. Mmoja ana ndoo ya asali aliyokuwa akikwambia juzi kuwa imekwisha. Baba mmoja amemwokoa mtoto kishujaa, na taa ikiwashwa itaonekana mtoto si wake.

Hapo mnada unafunguliwa. Wa kwanza atasema lilikuwa 4. Mwingine, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo, ataweka 5. Kabla chai haijachemka mtakuwa mmefika 6 na ushei. Kumbuka kwamba kila namba moja ikipanda kwenye kipimo cha ukubwa wa tetemeko, nishati inaongezeka kama mara 32. Aliyetoka 4 hadi 6 kwa kikombe kimoja cha chai ameifyatulia Tabora nishati mara 1,000 zaidi, na bado hajavaa viatu. Kiwango anachopima mtaalamu ni kimoja, cha pale lilipoanzia, na kwetu hutolewa na wajiolojia wa taasisi ya jiolojia, GST, kule Dodoma. Ulichokisikia wewe kitandani ni mtikisiko wa mahali ulipo, ambao hutegemea umbali, udongo na ubora wa kitanda. Maelezo haya usiyatoe uani, utaonekana huna uchungu na wenzako.

Hatakosekana mzee wa kusema hili si kitu, mngeliona lile la 2005. Ana haki. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitoa tetemeko la 6.8 lililosikika hadi Nairobi. Mwulize alikuwa wapi usiku ule. Akianza kueleza alivyoruka dirishani na shuka, msikilize kwa adabu mpaka mwisho, wala usimkumbushe kwamba lile lilipiga saa tisa alasiri. Na akitokea mwenye babu aliyeliona la Rukwa la Desemba 1910, la 7.4, basi mkutano umekwisha, maana kubwa kuliko hilo hakuna wa kulitaja katika pande zetu.

Alfajiri mtani wako Mzaramo atapiga simu kutoka Dar es Salaam, si kwa pole, bali kukumbusha kuwa la kwao la tarehe 12 Agosti 2020 lilikuwa karibu 6, lilitoka baharini, na lilipiga usiku watu wakiwa macho, hivyo lina mashahidi. Mjibu kwamba nyinyi mlalapo huwa mnalala.

Kutakuwepo pia tangazo lisilo na mwenyewe kwamba linarudi saa kumi kamili. Mitetemo midogo ya kufuatia ipo kweli. Njia ya kujua saa yake bado haijapatikana popote duniani, hata Japani.

Jambo moja nitalisema bila utani. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9, dogo kuliko bei ya mwisho ya mnada wetu, na watu zaidi ya 15 walikufa. Ardhi haikuwameza. Waliangukiwa na kuta. Tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, bila linta, bila nondo, huanguka kwa sababu hakuna kinachozishika. Ukuta wa aina hiyo hauko Bukoba peke yake, na fundi aliyekwambia nondo za linta ni anasa anajenga hapa hapa.

Kukipambazuka, baada ya salamu ya asubuhi, mwangaluka, zunguka nyumba ukitafuta nyufa. Utazipata. Kila ufa uliokuwepo tangu enzi ya mpangaji aliyepita sasa una tarehe na saa ya kuzaliwa. Upige picha, ushike kiuno, umwite mwenye nyumba kwa upole: "Shikamoo baba, naona Mungu katuachia alama."

Atakuja na kanzu yake, atapitisha kidole kwenye ufa, atatoa utando wa buibui wa miaka minne, atauangalia, kisha atakuangalia wewe. "Marahaba. Na kodi ya miezi mitatu nayo imetikisika?"