Mizigo Isiyo na Karatasi

Wanaosema serikali za Afrika Mashariki hazishirikiani katika mambo ya haki wanazionea bure. Tarehe 16 Novemba 2024 mpinzani wa Uganda Kizza Besigye alikuwa Nairobi, mgeni wa uzinduzi wa kitabu cha mwanasiasa wa Kenya Martha Karua. Tarehe 20 alikuwa kizimbani Kampala, tena mahakama ya kijeshi, ingawa jeshini alikwishastaafu zamani. Siku nne! Kuna madereva wa malori waliowahi kulala foleni ya mpakani Malaba zaidi ya hapo.

Sheria ya Kenya inataka anayehitajika nchi nyingine afikishwe kwanza mbele ya hakimu. Hakimu huyo hakubahatika kumwona. Nairobi ilisema haina mkono. Kampala ikasema Nairobi ilikuwa na habari. Ujirani mzuri huo, kila mmoja anamsingizia mwenzake wema.

Sasa jaribu kufuata utaratibu. Mwaka 2011 kisiwa cha Jersey kiliiomba Kenya watuhumiwa wawili, mmoja wao waziri wa zamani, kwa barua za heshima na hati kamili. Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, Mahakama ya Juu ndiyo kwanza ikaamua swali la mlangoni: mwenye mamlaka ya kuipeleka kesi hiyo mahakamani ni Mwanasheria Mkuu, au ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma? (Ni huyu wa pili, kama kuna msomaji aliyekuwa hapati usingizi.)

Kosa la Jersey ni kuandika barua. Wangeuliza Kampala.