Kidude cha Paani

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa paka. Mama mkwe alimwona kwa macho yake akipita juu ya meza ya kompyuta, na magharibi ya siku hiyohiyo ramani ya ndege ikaganda: ndege ya Mwanza imesimama angani juu ya Pugu, haiendi wala haishuki. Paka akahukumiwa kulala nje.

Sisi tunakaa Gongo la Mboto. Upepo ukiwa wa upande wake, ndege zinazotua uwanja wa Julius Nyerere zinapita juu ya bati letu, na mume wangu aliamua kwamba hatuwezi kuendelea kuishi bila kujua ni nani anayetupita. Akanunua kidude cha redio chenye ukubwa wa flashi. Vidude hivi vilitengenezwa kwa ajili ya kuonea televisheni kwenye kompyuta, lakini mwaka 2012 wapenda redio wakaja kujua kwamba chipu iliyomo, RTL2832U, inaweza kumwaga mawimbi mabichi kwenye kompyuta na kazi yote ya kuyachambua ikafanywa na programu. Ukikipeleka megahezi 1090 unazisikia ndege zikijitangaza zenyewe: mimi fulani, niko kimo hiki, naelekea kule.

Waya mwembamba wa antena hunyonya vibaya sana mawimbi ya juu kiasi hicho. Kwa hiyo mume wangu akakipandisha kidude chenyewe paani, kando ya antena, ndani ya kopo la aiskrimu, kisha akashusha waya wa USB wa mita 5 kupitia darini hadi kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi sebuleni. Sikumpinga. Kwa upande wa mawimbi alikuwa sahihi kabisa.

Paka akiwa nje, ramani ikaganda tena. Sasa ikatuhumiwa programu, na tuhuma hii ilikuwa na ukweli wa nusu. Linux ikikiona kidude cha aina hii hudhani ni televisheni. Draiva yake, dvb_usb_rtl28xxu, hukidaka kwanza, na programu ya redio ikija nyuma inaambulia ujumbe wa "usb_claim_interface error -6". Dawa ni kuipiga marufuku draiva hiyo kwenye mipangilio na kuwasha upya. Mume wangu akafanya hivyo, akatembea kifua mbele mchana kutwa. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, ndege zikasimama.

"Kimekufa hicho," mama mkwe akasema.

"Mama, mbona taa inawaka?"

Hilo ndilo lililotuchelewesha. Kila aliyepanda ngazi alirudi na habari njema kwamba taa inawaka, utadhani tulinunua taa. Taa ile ndogo inatosheka na umeme kiduchu, chipu haitosheki. Umeme ukipungua mno, kompyuta inakipoteza kidude, halafu inakiona upya na kukipa namba nyingine. Nikafungua kumbukumbu za mfumo, nikakuta orodha ndefu ya kutoka na kuingia, namba ikipanda kila mara. Kitu kilichokufa hakiingii na kutoka hivyo.

Kwenye kona ya skrini kulikuwa na alama ya radi. Mama mkwe alipoiona akaagiza kila kitu kichomolewe, maana radi haichezewi. Safari hii alikaribia ukweli kuliko sisi sote: Raspberry Pi huonyesha alama hiyo umeme wake ukishuka chini ya volti 4.63 hivi. Nikafuata waya mpaka ukutani. Chaja iliyokuja na kikompyuta haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kichaja kidogo cha simu, na kwenye tundu la USB jirani na la redio ilichomekwa simu ya wifi yangu, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi anaangalia tamthilia.

"Wifi, chaja ya mashine iko wapi?"

"Ipo chumbani, inajaza haraka ile. Na hii nayo naomba uiache, simu ina asilimia mbili. Redio yenyewe hata haiongei."

Chaja ikarudi, radi ikapotea, ramani bado ikawa inaganda, japo si kwa ratiba tena. Ndipo akaitwa shemeji, fundi simu, akaja na mita ndogo ya USB. Chini ikasoma volti 4.9. Akapanda, akaichomeka kati ya waya na kidude, akapiga kelele kutoka juu ya bati: "Nne nukta tatu, shemeji! Huku mmeniletea mabaki!"

Hesabu ilikubali. Kidude hiki hula takriban miliampia 280. Umeme unapanda mita 5 na kurudi mita 5, na waya mwembamba wa namba 28 una ukinzani wa omu 2 na kidogo kwa mita hizo 10. Volti 0.6 zinaishia njiani. Shemeji akaukata ule waya kwa wembe atuonyeshe: mpira mnene wa kupendeza, ndani shaba nyembamba kuliko nywele za mtoto. Muuzaji alikuwa amesifia sana ule mpira.

Kidude kimehamishiwa darini, kwenye waya mnene wa mita 2, na antena imeungwa kwa kipande kifupi cha waya wa maana. Tumeongeza pia kigawanyio cha USB chenye umeme wake chenyewe, ili redio isimtegemee mtu. Kina matundu manne. Mume wangu ameyaziba matatu kwa gundi na kuandika kwa kalamu nyekundu NDEGE TU. Jana wifi ameniuliza, kwa upole sana, kama gundi ile inatoka kwa maji ya moto.