Mbao Zisizotaka Kazi

Ukioa binti aliyelelewa barazani, baraza utalijenga tu, ndugu yangu, hata ukihamia Minnesota ambako theluji haina haraka ya kuondoka. Nyumba yetu ya Brooklyn Park tuliikuta nalo tayari nyuma ya jiko, la mbao za msonobari zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa huzuia kuoza, haizuii kupasuka. Kila baada ya miaka miwili mitatu mbao hizo zataka kuoshwa, kupigwa msasa na kupakwa rangi, na aliyeumbwa kwa kazi hiyo, kwa mujibu wa mke wangu, Mama Salim, ni mimi. Nikichelewa, vibanzi huingia miguuni mwa watoto.

Mtoa vibanzi wetu ni mama mkwe. Tunamwita Gavana, kwa kuwa hajawahi kuwa na mpinzani. Akija kutoka Mombasa hukaa hadi achoke mwenyewe, sindano i tayari kwenye pindo la leso. Humkamata Salim mguu, achomoe kibanzi, halafu anitazame mimi.

Ndipo Mama Salim alipopata habari za mbao za mchanganyiko: unga wa mbao na plastiki iliyotumika, huyeyushwa pamoja na kusukumwa kwenye kalibu hadi utoke ubao. Hazipakwi rangi, hazina vibanzi, mchwa hawazitaki. Wamarekani wamezizoea tangu miaka ya 1990. Kampuni ya Trex, iliyoanza kusimama peke yake mwaka 1996 huko Virginia, hukusanya hata mifuko ya plastiki ya madukani ikaigeuza mbao.

Gavana aliposikia neno mifuko aliweka kikombe chini. "Kenya mfuko ukikamatwa nao ni kesi tangu 2017, na nyinyi huku mwaujengea baraza?"

Kuna na Mjomba Randa, kaka yake Gavana, fundi wa milango Lamu. Kwake yeye, ukishatoa mvule na mbambakofi, miti mingine yote ni kuni. Nilimtumia picha ya ubao ule. Akauliza ni mti gani. Nikamjibu kuwa mti umo, lakini umechanganywa na mifuko. Alikaa kimya hadi siku ya pili, kisha akauliza kama watoto hawajambo.

Sampuli zikaanza kuingia nyumbani. Madukani hugawa vipande vidogo vya kila rangi, na mke wangu kitu cha kupewa hakirudishi. Nilikwenda kutafuta sukari kabatini nikakuta kijivu cha aina tatu. Rukia wetu, ambaye jina lake la kazi ni Tingatinga, alijengea vipande hivyo gereji ya magari yake, ikawa kila tukitaka kulinganisha rangi ni lazima kwanza tuvunje nyumba za watu.

Mtihani wenyewe aliusimamia Gavana. Alivipanga vipande juani, mwezi wa Julai, akavua kandambili, akapita juu yake kimoja kimoja. Kwenye kile cha kahawia iliyoiva aliruka. Mbao hizi hunywa joto la jua, na za rangi nzito ndizo hasa. Basi tukapiga kura: Gavana rangi nyepesi, Salim nyepesi, mimi nyepesi, Tingatinga alikuwa amelala. Kura zilihesabiwa kwa haki kabisa, ila tume ya uchaguzi ilikuwa Mama Salim. Baraza letu ni la kahawia iliyoiva.

Tena likawa la mshazari, kwa sababu jirani yetu analo. Mbao hizi hunepa kuliko za mti. Ukizilaza moja kwa moja, boriti za chini huachana sentimita 40 hivi. Ukizilaza mshazari, sentimita 30. Boriti zikaongezeka, pesa zikapungua. Na boriti zenyewe, msomaji mwenzangu, bado ni msonobari ule ule wa dawa! Plastiki ni ya juu tu. Nguzo za zamani nazo zilikuwa zimekwisha, ikabidi yachimbwe mashimo ya zaidi ya mita moja, maana huku ardhi huganda na kuinua nguzo zisizozama vya kutosha. Mkaguzi wa jiji alikuja kuchungulia mashimo kabla ya zege kumwagwa. Gavana akamchungulia mkaguzi, akamwona amekonda, akamfungia mahamri.

Baada ya hapo tukapewa karatasi ya matunzo ya kitu kisichotaka matunzo. Theluji usiikwangue kwa koleo la chuma. Mkeka wenye mpira chini usiutandike. Majani yanayokwama kwenye nafasi uyatoe, la sivyo kuvu litaota. Msasa, kamwe: ubao una ganda jembamba la plastiki, ukilikwangua basi.

Gavana naye alikuja na seredani yake ndani ya sanduku, imefungwa leso mbili. Jumamosi ya mishikaki kaa moja likadondoka, na plastiki ikakumbuka asili yake. Alama ilibaki katikati kabisa, pale mgeni anapotua macho. Ubao mpya haungefanana, kwa kuwa jua lilikwisha kuzipausha zile nyingine kidogo. Mama Salim akaamua uhamishwe ubao wa nyuma ya mapipa ya taka. Na kwa kuwa mbao hushikwa na vibanio vilivyojificha ubavuni, wa katikati hutolewa kwa kuanzia ukingoni, ubao baada ya ubao. Nilikuwa nimelala kifudifudi na bisibisi wakati ujumbe wa sauti wa Mjomba Randa ulipoingia: mvule, alisema, ungeupitisha randa mara mbili tu, alama imekwenda zake.

Gavana alimsikiliza kaka yake hadi mwisho, akaniomba nimwekee tena.