Robo Tu, Mzee

Wenye migahawa ya Dar es Salaam tuwape haki yao: hakuna anayemjali mgonjwa wa kisukari kuliko wao. Mwambie mhudumu huli wanga, ataitikia kwa heshima zote, "Sawa mzee, nimekuelewa," kisha arudi na wali. Robo tu. Wenye wanga ni ugali, atakufafanulia. Huu ni wali. Ukiukataa, zipo ndizi za kupika, maana ndizi ni tunda. Ukizikataa nazo, chipsi, kwa kuwa viazi ni mboga. Daktari husoma miaka mitano chuoni na elimu hii haipati.

Kuku wa kuchoma na mchicha, basi? Watatazamana jikoni kama umeagiza jeneza. Bei haipungui, bila shaka. Wali ulioukataa lazima nao ulipiwe.

Chai huja imekwisha kutiwa sukari sufuriani, usije ukachoka kukoroga. Juisi ya ukwaju ndiyo haina sukari kabisa, ni tunda tupu, ila wameongeza kidogo kuvunja ukali.

Novemba 14 ni Siku ya Kisukari Duniani. Napendekeza mwaka huu tuiadhimishe hapo hapo mgahawani, na soda ziwe za bure.